Hatua Thelathini na Moja

Nchi hii msiitafute kwenye ramani, kwa sababu wachora ramani walishaonywa. Inatosha kujua kwamba ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko zahanati, na kwamba wananchi wake wanaipenda serikali yao kwa moyo mmoja, hasa wakikumbuka yaliyowapata waliojaribu kutoipenda. Katika nchi hiyo aliishi mzee mmoja aitwaye Kasanzu, na shida yake kubwa ilikuwa kufika chooni.

Choo alikuwa nacho. Kilikuwa cha shimo, cha matofali ya kuchoma, chenye bati juu na mlango wenye komeo kwa ndani, na alikijenga mwenyewe nyuma ya nyumba miaka ile alipokuwa mkaguzi wa mizani wa serikali. Lakini masika yaliyopita kiharusi kilimpitia upande wa kulia, mkono ukalegea, mguu ukawa wa kuburuta, na choo kikawa mbali ghafla bila kuhama. Kutoka kitandani hadi kwenye lile komeo kulikuwa na hatua kumi na nane za mtu mwenye afya. Kwa mguu wake wa sasa, Mzee Kasanzu alipiga hesabu akiwa amelala chali, zilikuwa thelathini na moja.

Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mwanawe wa pekee, Shija, alikuwa anavunja mawe kwenye machimbo ya kusini na alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka. Aliyebaki naye ni Nyamizi, mke wa Shija, na hapo ndipo uchungu wote ulipokuwa. Kwao, mke wa mtoto na baba mkwe huheshimiana kwa kuepukana. Nyamizi hakuwahi kula naye sahani moja, wala kumtaja jina, wala kumtazama usoni. Kikombe cha uji alikiweka juu ya kigoda, akaondoka, ndipo Mzee akichukue. Mmoja akijua mwenzake yuko chooni, alijitafutia kazi upande wa pili wa nyumba. Waliishi hivyo miaka tisa bila neno baya, na heshima ile ndiyo iliyokuwa upendo wao.

Sasa mwanamke huyo huyo alimshika kwapa mara nne kwa siku, akamkokota hadi chooni, akamlegezea mkanda na kumsubiri. Alijifunika kanga mpaka machoni akatazama ukuta wa kushoto, na Mzee akatazama ukuta wa kulia. Walirudi chumbani wamechoka kwa aibu wote wawili, na Mzee alijilaza akiuonea kinyaa mwili wake mwenyewe. Wenzake waliopatwa na kiharusi waliomba wapone. Yeye hakuomba mengi. Aliomba hatua thelathini na moja.

*

Nesi Edina wa zahanati alikuja siku ya Alhamisi kumpima presha. Mzee hakumweleza lolote, maana mambo hayo hayaelezeki, lakini nesi alimwona Nyamizi akitoka chumbani amejifunika kichwa kizima mchana wa jua kali, akaelewa.

Alisema dawa ya mguu ule ni kutembea kidogo sana kila siku, kidogo kiasi kwamba hata mvivu aone haya kukataa. Akakichukua kigoda cha uji kilichokuwa kando ya kitanda, akakisogeza hatua tatu kuelekea mlangoni.

"Ukimaliza uji, mzee wangu, kikombe unakirudisha hapa mwenyewe. Tatu kwenda, tatu kurudi, basi. Kesho kigoda kitakuwa kwenye hatua ya nne. Ukinizidishia, nitakukemea."

Mzee alirudisha kikombe. Ilimchukua muda wa kutosha kuchemsha chungu cha maharage, na alipofika kitandani shati lilikuwa limelowa. Kesho yake alikuta kigoda kimesogea hatua moja. Keshokutwa, nyingine. Hakuna aliyemwagiza Nyamizi afanye hivyo, wala hawakulizungumza kamwe. Kila alfajiri alipoleta uji alikisogeza kigoda hatua moja kuelekea chooni, akaondoka bila kugeuka nyuma, na Mzee alipokiona kiti kile kidogo kikimsubiri mbele zaidi ya jana alihisi kitu ambacho hakuwa nacho tangu masika. Katika miaka thelathini na miwili ya kazi alikuwa amekamata madebe yaliyopondwa kitako na mawe ya mizani yaliyotobolewa ndani yakazibwa kwa nta. Kipimo cha uongo kilimchefua tumbo kwelikweli, mpaka wenzake ofisini walikuwa wakimcheka. Kigoda hiki kilikuwa kipimo cha kweli. Siku ya kumi na saba kilifika uani, kwenye hatua ya kumi na tisa.

*

Wakati huo huo, katika ikulu, Baba Mlezi wa Taifa alikuwa hajatembea kwa miaka kumi na mmoja. Gari lilimchukua chumbani likampeleka sebuleni, na korido zilikuwa zimepanuliwa kwa ajili hiyo, na penye kona ya maktaba alisimama askari wa usalama barabarani. Daktari wake akamshauri atembee, japo kidogo. Baba Mlezi alishuka kitandani akatembea hatua tatu mpaka kwenye kioo, akajiona, akashangaa kwamba katika historia yote ya binadamu hakuna aliyewahi kuligundua jambo hili. Daktari alipewa nishani na kupelekwa nchi ya mbali akapumzike, ili ugunduzi usije ukawa na wenyewe wawili.

Jioni hiyo Baba Mlezi alilihutubia taifa kwa saa nne, akiwa amekaa.

"Ndugu wananchi," alisema, "maadui zetu wanataka mtembee mbali. Mtu aliyetembea mbali ameona mengi, na aliyeona mengi huanza kuuliza. Sisi tutatembea kifupi. Tutatembea kifupi kila siku, tutatembea pamoja, na tutatembea tukiwa tunaonekana."

Wiki haikuisha, ikaundwa Wizara ya Hatua Fupi, yenye jengo la ghorofa tisa na lifti nne. Sheria ikatoka. Kila raia atatembea hatua kumi kwa siku katika Uwanja wa Hatua wa wilaya yake, mbele ya Shahidi wa Hatua aliyeapishwa, na atagongewa muhuri kwenye kadi. Watu waliuliza itakuwaje kwa wanaokwenda shambani na kisimani. Wizara ikafafanua kwa upole kwamba mtu aendaye shambani hatembei, anakwenda tu. Kutembea ni kile kinachofanyika uwanjani. Kutembea kokote bila shahidi kuliitwa matembezi ya kiholela, na adhabu yake ilikuwa kifungo gerezani, ambako mtu angepata nafasi ya kutosha ya kukaa.

*

Mjumbe wa mtaa, Bwana Mlekwa, alifika kwa Mzee Kasanzu siku ya kumi na nane, wakati kikombe kiko njiani kuelekea hatua ya ishirini. Aliamkia vizuri, shikamoo mzee, akauliza habari za Shija na za machimbo. Kisha akasimama akimtazama Mzee anavyoburuta mguu kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba, na uso wake ukajaa huzuni ya kikazi.

Alisema yeye binafsi hana neno, na moyoni anafurahi, ila hapa anaona matembezi ya kiholela ya wazi kabisa. Akaomba kuelezwa kile kigoda ni cha nini. Mzee, ambaye hakuwahi kudanganya kuhusu kipimo chochote, akamweleza. Mjumbe akaandika kwenye daftari: kifaa cha kutembelea kisichosajiliwa. Akakibeba kigoda kwapani, akaaga, akaondoka nacho.

Nesi Edina alipopata habari alikwenda ofisini kulalamika, ikagundulika kwamba amekuwa akifundisha kutembea bila leseni. Walimpeleka makao makuu kwenye semina ya majuma tisa kuhusu kutembea, na ratiba yake, alivyoandika kwa ufupi kwenye barua, ilikuwa ya kukaa kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja.

Basi Mzee Kasanzu akaanza kupelekwa uwanjani. Uwanja wa Hatua ulikuwa mbele ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mwendo wa saa nzima, kwa hiyo ili akatembee hatua kumi ilibidi abebwe kwenye mkokoteni wa jirani yao muuza maji, amekaa katikati ya madumu. Nyamizi alifuata nyuma. Walifika saa mbili asubuhi wakaketi kwenye mabenchi pamoja na mamia ya wengine, wanawake wajawazito, mafundi, watu wenye mashamba yanayowasubiri. Shahidi wa Hatua alifika saa saba kwa gari kutoka ofisini kwake, upande wa pili wa uwanja. Zamu ya Mzee ilipofika walimshika wawili, wakampeleka hatua kumi mbiombio kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, wakamgongea muhuri. Mguu wenyewe haukugusa chini zaidi ya mara tatu. Kadi ilisema kumi.

Alirudi nyumbani jioni mguu umekufa ganzi kwa kukaa. Nyamizi akamshika kwapa tena, kanga machoni tena. Baada ya wiki tatu za matembezi ya taifa, Mzee alijipima kwa siri kando ya kitanda akakuta zile hatua kumi na tisa zimebaki nane. Alitaka kutapika. Msiniulize kama ni ugonjwa au ni serikali.

*

Siku moja Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Tindwa, alimtembelea yeye mwenyewe. Hakushuka kwenye gari, aliliingiza uani mpaka dirishani. Alikuwa na habari njema. Baba Mlezi anakuja kutembea katika wilaya yao mbele ya wananchi, na Wizara inataka idadi ya hatua zake ithibitishwe na mtaalamu wa vipimo, kwa sababu dunia imejaa watu wenye mashaka. Wilaya nzima ilikuwa na mtaalamu mmoja tu, mstaafu, na muhuri wake wa shaba bado anao kwenye sanduku. Aje na ile fimbo yake ya kupimia pia, ipendeze kwenye picha.

Mzee aliuliza atalipwa nini, si kwa tamaa, ila alitaka kujua uzito wa jambo. Mheshimiwa Tindwa alisema Nesi Edina atarudishwa kwenye zahanati. Asipokuja, nesi ataendelea na semina, kwani ipo ya pili, na ya tatu.

"Nitakuja," alisema Mzee, "lakini nitaandika nitakachokiona."

"Hicho ndicho tunachokitaka, mzee wetu," alisema Mkuu wa Wilaya, na alisema kweli, maana haikumwingia akilini kwamba mtu anaweza kuona kitu kingine.

*

Siku ya siku ilipofika, barabara zilikuwa zimefungwa tangu jana yake. Zulia jekundu la mita mia lilikuwa limeagizwa, na lililofika lilikuwa la mita sita. Mzee alilipima kwa jicho akalifahamu mara moja, kama anavyomfahamu mdanganyifu ambaye yeye aliwahi kumkamata. Mwisho wa uwanja kilisimama Choo cha Kisasa cha Baba Mlezi, kimepakwa rangi ya maziwa, utepe umefungwa mlangoni ukisubiri kukatwa. Vyoo vya wananchi vya pale uwanjani vilikuwa vimebomolewa juma lililotangulia kwa sababu vilichafua mandhari.

Mzee aliketi jukwaani kuanzia saa moja. Kila mzungumzaji alipomaliza, wageni waalikwa walipaswa kuinua soda na kunywa kumuunga mkono. Walizungumza wazungumzaji saba. Nyamizi alikuwa nyuma ya kamba upande wa wanawake, mbali, katikati ya watu elfu tatu.

Kabla ya tukio lenyewe Mheshimiwa Tindwa alisoma utaratibu kwenye kipaza sauti. Matembezi ya Baba Mlezi yataanza hatua ya kwanza na kuisha hatua ya mwisho, mapumziko yakiwemo. Katika muda huo hakuna raia wala askari atakayeondoka alipo, na macho yote yatakuwa kwenye kiatu cha kulia cha Baba Mlezi. Atakayetazama kwingine, miaka saba.

Gari likaja mpaka kwenye zulia. Baba Mlezi akateremshwa. Akapiga hatua ya kwanza, mzinga ukalia. Akapiga ya pili, bendi ikapiga. Kisha wakamletea kiti katikati ya zulia akaketi, wakamfuta jasho, wakampa dafu, na mapumziko yakaanza. Zilipita dakika ishirini. Zilipita arobaini.

Soda saba, kwa mzee wa umri ule, hazina subira. Mzee Kasanzu alibana, akaomba, akabana. Aliona wazi kitakachotokea. Atajikojolea juu ya jukwaa, kwenye suruali yake ya kazi, mbele ya wilaya nzima, na mkwewe atakuwa mmoja wa watakaoona, na ndiye atakayeifua. Au amwite Nyamizi kwa sauti apite katikati ya umma amshike kwapa. Alipolifikiria hilo, hofu yote ikamtoka na kinyaa kikachukua nafasi yake. Alichukia soda zile. Alichukia zulia la mita sita na kiti kilicho juu yake, na zaidi alijichukia yeye aliyekubali kuja na fimbo yake kupamba picha. Akaishika fimbo hiyo kwa mkono wa kushoto, akasimama.

Moja. Mbili. Alihesabu kama alivyozoea, akifikiria kikombe mkononi na kigoda mbele. Mkuu wa Wilaya alikuwa umbali wa mkono mmoja, akikodolea kiatu, shingo imekakamaa. Nane zikapita, zile zilizobaki. Kumi na tisa zikapita. Kwenye ya ishirini na nne mguu ulikataa, akaukumbatia mlingoti wa bendera. Chini ya mlingoti alisimama askari kijana mwenye bunduki, machozi yakimtoka kwa kutopepesa.

"Sikuoni, mzee," alinong'ona askari bila kugeuza macho.

"Asante, baba," alisema Mzee, akaendelea.

Hatua ya thelathini na nne ilikuwa kwenye mlango wa Choo cha Kisasa. Utepe ulikuwa umebandikwa kwa gundi ya uji, ukaanguka ulipoguswa. Akafungua mlango akaingia, na ndani hapakuwa na kitu. Hapakuwa na sakafu wala tundu, na ukuta wa nyuma haukuwapo. Kulikuwa na mlango, kuta mbili za pembeni zilizopakwa rangi upande wa nje tu, na shamba la mahindi. Mzee alikuwa ameona mawe ya mizani yaliyotobolewa, lakini haya yalikuwa mapya kwake, kuuziwa shimo bila shimo.

Palikuwa pameegeshwa jiwe la kumbukumbu, la marumaru, tayari kuzinduliwa. Lilikuwa limeshachongwa: *Kuanzia hapa Baba Mlezi wa Taifa alitembea hatua elfu nne kwa miguu yake mwenyewe.* Chini yake ilikuwapo tarehe ya leo, na chini ya tarehe, jina la mthibitishaji, Bwana Kasanzu, Mkaguzi wa Mizani. Mzee alilisoma mara mbili. Kisha akajisaidia. Hakuchagua pa kuelekeza, jiwe ndilo lililokuwa mbele yake.

Alirudi polepole, akipumzika kwenye mlingoti, akaketi kwenye kiti chake. Baba Mlezi alikuwa ndiyo kwanza anainuliwa kwa ajili ya hatua ya tatu. Baada ya ya nne gari lilisogezwa, akapandishwa, na umma uliruhusiwa kupepesa na kushangilia.

Wakamletea Mzee cheti. Kwenye nafasi ya idadi aliandika neno moja kwa mwandiko wake mzuri wa serikali, *nne*, na mbele ya neno hilo akavuta mstari mpaka mwisho wa karatasi, kama alivyofundishwa ujanani, ili asitokee mtu wa kuongeza kitu. Akasaini, akagonga muhuri.

Mheshimiwa Tindwa alisoma, akatabasamu bila hasira yoyote. "Umesahau neno moja tu, mzee wetu, ni umri," alisema, na mwanzoni, palipokuwa wazi, akaandika *elfu*.

Nesi Edina alirudi zahanati Jumatatu iliyofuata, akiwa na cheti cha kumruhusu kujua alichokuwa akikijua. Ahadi ilikuwa imetimizwa kikamilifu, na Mzee alipoambiwa kwamba ni zawadi ya uaminifu wake alishindwa kula siku nzima.

*

Lakini utepe ulikuwa umeanguka, na jiwe, lilipozinduliwa, lilikuwa na harufu. Jalada likafunguliwa. Mzee Kasanzu alishtakiwa kwa matembezi ya kiholela ya hatua zisizopungua sitini, kwenda na kurudi, yaliyofanyika wakati Baba Mlezi akiwa katika matembezi. Lilikuwa kosa la kumfungia mtu mpaka afe.

Kamati ilikaa ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, na yeye mwenyewe ndiye mwenyekiti. Kilichotakiwa ni shahidi mmoja tu. Mjumbe Mlekwa aliulizwa kama alimwona Mzee akitembea, akafungua mdomo, akakumbuka ile miaka saba, akaufunga. Alisema macho yake yalikuwa kwenye kiatu. Shahidi wa Hatua, ambaye kazi yake ilikuwa kuona hatua, alisema yake pia. Askari wa mlingoti alisema anaweza kukichora kiatu kile na kamba zake. Katibu akamgeukia mwenyekiti, kwa heshima, akamkumbusha kwamba yeye alikuwa amekaa karibu kuliko wote. Mheshimiwa Tindwa akasema kwa ukali kwamba kilikuwa kiatu cheusi, kimeng'arishwa vizuri sana. Watu elfu tatu walikuwapo na hakuna aliyeona lolote, na ilionekana hakuna hata mmoja aliyesema uongo kwa kadiri sheria inavyojua.

Alibaki Nyamizi. Wanawake wa nyuma ya kamba walikuwa mbali na kiatu, na katibu alikuwa na taarifa kwamba kutoka kule hakikuonekana kabisa, kwa hiyo macho yao lazima yalikuwa mahali fulani. Aliingia amejifunika kanga, akasimama akitazama sakafu. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi upande wa pili. Mwanamke huyu akisema ndiyo, mwisho wa Mzee ni gerezani, ambako atabebwa chooni na watu asiowajua. Na hakuwa na haki ya kumwomba aseme hapana, kwa sababu kwa miaka tisa hawakuwa wameombana kitu.

"Ulimwona baba mkwe wako akitembea kuelekea chooni?" aliuliza mwenyekiti.

"Sisi hatuwatazami wakwe zetu wakielekea huko, mheshimiwa," alisema Nyamizi. "Hata nyumbani simwoni."

Aliulizwa mara ya pili na ya tatu, akajibu vilevile kwa sauti ile ile ya chini, na wazee wawili wa kamati, waliokuwa nao na wake wa watoto wao nyumbani, waliinamisha vichwa wakasema hilo halina ubishi. Uamuzi ukasomwa. Utepe uliangushwa na upepo. Harufu ilisababishwa na maadui. Kuhusu mshtakiwa, imethibitika kwamba hakutembea, na kwa kuwa mgonjwa wa aina hii asingeweza kutembea umbali ule bila kuonekana, basi hawezi kutembea kabisa. Jina lake lifutwe kwenye daftari la uwanja, asisumbuliwe tena.

Nyamizi akatoka kwanza. Mzee alimfuata nyuma kwenye mkokoteni wa maji.

Kigoda hakikurudishwa, kilikuwa kielelezo. Nyamizi alitafuta debe tupu, akaligeuza kitako juu, na kwa siku kumi na mbili akalisogeza kila alfajiri. Alianzia mbali kidogo, kwa sababu mguu ulikuwa umeshajua kwamba unaweza.

Asubuhi ya kumi na mbili Mzee Kasanzu alimaliza uji, akachukua kikombe, akatoka nacho. Alipita mlangoni, akapita hatua ya kumi na tisa uani, ambapo Mjumbe alikuwa amesimama siku ile na daftari lake, akapita ya ishirini na nne. Debe lilikuwa kando ya mlango wa choo. Akaweka kikombe juu yake. Nyamizi alikuwa anapepeta mchele mbele ya jiko, akasikia bati la kikombe likigusa bati la debe, na bila kuinua macho alichukua ungo wake akaenda kupepetea upande wa pili wa nyumba.

Katika kumbukumbu za Wizara ya Hatua Fupi, ghorofa ya sita, Mzee Kasanzu hajawahi kutembea hata hatua moja. Akaingia, akavuta mlango, na komeo likafungwa kwa ndani.